Barua ya malalamiko: taa yenu ya baraza inawaka na kuzima usiku muzima

Goma, kartie Himbi

Kwa Bwana Direkteri wa kampuni

Kuhusu: taa ya inje yenye kapteri ya mwangaza (lile jicho lenye linaona kama kuko mwangaza ao giza), garanti ya mwaka 1

Bwana Direkteri,

Salamu kwako na kwa wote wenye munatumika pamoja. Niko naandika juu ya ile taa ya LED ya wati 30, ile yenye inawaka yenyewe giza ikiingia na kuzima yenyewe asubui. Niliinunua ku magazini yenu ya hapa Goma, fakture niko nayo na kopi iko pamoja na hii barua, garanti imeandikwa pale chini na kashe yenu juu yake. Taa imeharibika na watu wenu wanakatala kuibadilisha, wanasema kosa ni ya kuran (umeme) ya kwetu. Mimi nasema kosa ni ya taa yenyewe, vile ilitengenezwa, na nitawaonyesha.

Kwanza mujue tuliitakia nini. Mama mukwe wangu anakaa na sisi na macho yake haione tena muzuri, na ngazi za baraza yetu ni za mawe ya volkano, yale meusi yenye kukata, sawa vile nyumba mingi za hapa. Shemeji yangu naye anatumika usiku ku hopitali, kuna siku anarudia wakati barabara haina mutu na anapaswa kutafuta kitundu ya kufuli pale ku mulango. Hatukutafuta taa ya kupambisha nyumba.

Sasa, yenye inafanya. Jioni giza ikianza kuingia inawaka muzuri, inamulika baraza yote mpaka ku portai, unafurai. Kiisha kidogo inazima. Inakaa vile, inawaka tena, inazima tena, na ni hivyo mpaka kunakucha, watoto wa chumba cha mbele hawalale na mama akitoka inje hajue kama atafika ngazi ya chini kukiwa mwangaza ao giza, yaani ni mubaya kuliko kukosa taa kabisa, juu mutu mwenye kujua kama kuko giza anabeba toshi yake.

Nilipigia watu wenu simu. Wa kwanza akasema ni vumbi. Nikapangusa jicho la kapteri na kitambaa laini, hakuna kitu ilibadilika, na hata bila kupangusa ile sababu haisimame: vumbi yetu nyeusi ya hapa Goma ikifunika jicho, jicho litaona giza, taa itawaka na muchana, haitazimazima usiku. Mwengine akasema ningoje kapteri ijizoeze na majira. Majira gani, Bwana Direkteri? Huku tuko karibu na Ekweta, jua linazama karibu saa 12 ya jioni tangu mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, tofauti ni dakika kidogo tu. Pengine hayo maneno ni ya kule Ulaya, usiku wa huko unarefuka na kufupika. Wa tatu akasema ni mwangaza wa jirani ao wa magari, na nyumba yetu haielekee barabara, jirani wa mbele hana taa ya inje.

Kisha wote wakasikilizana ku neno moja: kuran. Basi nikaita fundi wa kuran, mutu mwenye anafunga manyumba mingi mu kartie yetu. Alipima voltaji pale pale ku domino ya taa, pale fili zinaunganishwa, jioni, saa ile ile taa iko inazimazima. Testa ikaonyesha kati ya 215 na 225, na haikutikisika. Ku kartoni yenu mumeandika 220. Akakata dijonkteri, ile yenye kukata kuran ya nyumba, akafungua bwate ya nyuma, ile notisi yenu yenyewe inaonyesha kuifungua wakati wa kufunga taa, akaunganisha fazi, fili yenye kuleta kuran, moja kwa moja na fili nyekundu yenye inaenda ku taa, bila kupitia ku kapteri. Akarudisha kuran: taa ikawaka na ikakaa, usiku muzima, bila kutikisika hata mara moja. Kwa hiyo LED ni mzima, fili ni mzima, kuran ni nzuri. Kinabakia kapteri.

Hapa naomba usome pole pole, juu ni hapa watu wenu hawataki kusikia. Ndani ya lile jicho muko kipande kidogo chenye resistansi yake inashuka mwangaza ukiwa mwingi, na giza ikiingia inapanda mara mingi sana. Elektroniki inaona hiyo tofauti, inaambia rele, ile suichi ndogo ya ndani, ifunge, kuran inapita, taa inawaka. Sasa mu taa yenu hilo jicho limewekwa wapi? Chini ya kiyoo ileile, kando ya LED, hakuna hata kizuizi kati yao. Kwa hiyo taa ikiwaka, jicho linaona mwangaza wa taa yenyewe, linafikiri kumekucha, linazima. Ikizima, linaona giza, linawakisha. Na baraza yetu iko na plafo ya triplex yenye rangi nyeupe, inarudisha mwangaza chini, njo inazidisha. Musiniambie plafo nyeupe ni kosa yetu, picha ya ku notisi yenu inaonyesha taa imefungwa chini ya plafo ya baraza.

Fundi alifanya kitu rahisi sana. Alikata kipande cha kartoni nyeusi, akakisimamisha na skochi kati ya jicho na LED, kama ukuta mudogo, na akafunika upande wa plafo, akaacha jicho linaangalia inje tu. Ule usiku taa ilikaa inawaka mpaka asubui na ikazima yenyewe kulipokucha. Hakugusa kuran, hakugusa fili, kartoni tu. Kama kosa ilikuwa ya kuran, kartoni ingesaidia nini?

Na nitawaambia kwa nini ku magazini yenu taa inaonekana mzima. Nilipoileta, agent wenu aliibranche ku kontware, akaweka kiganja juu ya jicho, taa ikawaka, akaniambia unaona, inatumika. Lakini kiganja kinafunika jicho, lisione hata mwangaza wa taa yenyewe! Kinaficha ile kosa yenyewe. Ukitaka kuijaribu kwa ukweli, iingize mu chumba cha giza, usiguse jicho, kisha ungoje. Niliomba vile na akanijibu hawana chumba cha giza.

Kiisha mvua ilikuja, na munajua mvua ya huku vile inapiga. Ile kartoni ililowana ikaanguka, taa ikarudilia kuzimazima, na siku kidogo nyuma ikaanza kitu ingine: ikawaka na haikuzima tena. Muchana, jua kali, inawaka. Nikaweka toshi mbele ya jicho, inawaka tu. Nikairudisha kwenu, na safari hii agent wenu mwenyewe njo aliifungua, na turnevisi yake, pale ku kontware, mbele yangu na mbele ya wateja wengine. Ndani tukakuta maji. Jwe ya kaushu, ile yenye kuzuia maji, haikufika mpaka mu kona, inaonekana ni fupi tangu ilipotoka ku izine. Na ku kartoni kumeandikwa IP65, maana yake ile 6 vumbi haingie hata kidogo, na ile 5 inavumilia maji yenye kurushwa na mupira kutoka kila upande. Mvua tu imeingia.

Tena rele ilikuwa imeungua, vyuma vyake viwili vimeshikana, njo maana taa haikuweza kuzima. Agent wenu akapiga kelele, unaona sasa, ni kuran yenu imeunguza rele. Hapana. Kila mara taa ya LED inawaka, kondansateri yake, kipande chenye kuweka akiba ya kuran, inavuta kuran mingi kwa nukta moja fupi sana, mingi kuliko ile ya kawaida, na cheche inatoka ku rele. Rele ya taa kama hii inangojewa kufunga mara moja jioni na kufunguka mara moja asubui. Hii yenu ilikuwa inafunga na kufunguka usiku muzima, kila usiku, juu jicho lilikuwa linaona taa yake lenyewe. Lazima ingeungua. Kosa ya kwanza njo imezaa ya pili, na zote mbili zilitoka ndani ya kartoni yenu.

Wakati ilikuwa inawaka muchana na usiku, ilikuwa inakula kashpawa yetu, ile kuran ya kulipa mbele, bure: wati 30 mara saa 12 za muchana ni karibu 0,36 kilowati-saa kila siku, ni kama 11 kwa mwezi. Kwa watu wenye wananunua inite kidogo kidogo ku simu, hiyo si kitu ya kudharau.

Lakini kitu imeniumiza zaidi si pesa. Mu simu agent wenu mumoja aliniambia nipige pige taa na mukono ikiwa inawaka, eti rele itaachana. Volti 220, taa yenye maji ndani, baraza imelowana, na ananiambia niiguse. Kama ningetuma mutoto kufanya vile? Muambieni huyo mutu asirudilie kamwe kushauri mutu vile. Mutu akate dijonkteri kwanza, hakuna njia ingine.

Na sasa munasema garanti imekufa juu taa imefunguliwa. Ilifunguliwa na nani? Na agent wenu, kwenu. Fundi wangu alifungua bwate ya fili tu, yenye kila mutu anapaswa kufungua ili aifunge ku ukuta.

Naomba moja kati ya haya mawili. Munirudishie pesa yangu yote, ao munipe taa ya inje ya kawaida bila jicho ndani, pamoja na kapteri ya kando, ile ya fili tatu, yenye tutafunga inje kwa ukuta, juu ya manjanja (mabati), mbali na mwangaza wa taa. Ya aina ileile siitaki tena, hata mpya, juu jicho litakuwa pale pale. Fundi nitamulipa mimi, sitawaomba hiyo.

Tena naomba mutoe zile zenye zimebakia mu rafu mpaka muzijaribu mu giza. Niliziona bado ziko karibu na mulango wa magazini, na mama mumoja alikuwa anauliza bei, nikamuambia yenye nimeona.

Taa iko kwenu, agent aliibakisha bila kunipa karatasi. Naomba munitumie karatasi ya kuonyesha muliipokea, na jibu lenu kwa maandishi mbele ya mwisho wa mwezi huu, ku namba yenye iko ku fakture. Kama hakuna jibu nitapeleka hii barua na kopi ya garanti ku serivisi ya serikali yenye inaangalia biashara, na fundi amekubali kuja kueleza yenye alipima.

Mteja wenu,
Himbi, Goma