Majibu niliyompa nesi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa miguu kuvimba. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili bila kuijibu, si kwa dharau. Kila nikishika kalamu, huyu mwanangu mdogo anadai haki yake. Sasa hivi amelala, kwa hiyo naandika haraka kabla hajagutuka.

Umeniomba nikuorodheshee yote yanayokupasa kujua kuhusu kunyonyesha. Kisha chini yake, kwa mkono wako mwenyewe, umeandika: mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, halafu aendelee kunyonya huku anakula mpaka afike miaka 2 au zaidi. Sasa mimi niongeze nini, shoga? Ndivyo wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Umefaulu mtihani. Hata mimi niliufaulu, tena kwa alama za juu, ndiyo maana badala ya orodha nitakusimulia jambo ambalo sijamsimulia mtu. Mume wangu mwenyewe anajua nusu yake.

Kifungua mimba wangu alipotimiza wiki 6 nilimpeleka kliniki. Nesi akafungua daftari, akaanza. Mtoto ananyonya? Ndiyo. Na usiku? Ndiyo. Umeshampa kitu kingine chochote, maji, maziwa mengine? Hapana. Akaandika, akanitazama kwa furaha, akanipongeza mbele ya wenzangu waliokuwa kwenye benchi. Muda wote huo mkoba wangu ulikuwa chini, na ndani yake mlikuwa na chupa mbili, moja ya maji na moja ya maziwa ya kopo. Nilikuwa nimeusukuma kwa kisigino mpaka uvunguni mwa kiti.

Angalia vizuri hapo. Kama ningekuwa sijui, ningemwambia kweli bila haya yoyote: nampa maji, mtoto ana kiu. Nilidanganya kwa sababu nilijua jibu linalotakiwa. Tangu siku ile, nikisikia watu wanasema kina mama hawanyonyeshi ipasavyo kwa kukosa elimu, nanyamaza tu na kuukumbuka ule mkoba.

Hizo chupa ziliingiaje nyumbani? Hazikuingia siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuwa shujaa. Dang'a ilipotoka, ya manjano na nzito, tena matone machache, ndugu mmoja aliyekuja kutuona alisema yale si maziwa, ni uchafu, niyakamue niyamwage ningoje meupe. Nilimkatalia. Nilijua kuwa dang'a imejaa kinga, kwamba ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo, na kwamba maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Yakaja kweli, matiti yakawa magumu kama mawe. Nikajiona nimeshinda vita, kumbe ilikuwa bado haijaanza.

Ilianza siku ya tisa. Wageni walikuwa wameondoka na mume wangu amerudi kazini. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika, na kila mtoto akishika nilikuwa nakunja vidole vya miguu, nahesabu mpaka ishirini. Jioni ile alilia tangu jua linazama mpaka saa tano ya usiku. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anataka tena. Ndipo mtu anayenipenda sana, aliyelea wengi kuliko mimi, akasema maneno mawili: "Huyu hashibi."

Zuhura, nimesoma mengi kabla na baada ya siku ile, lakini sijakutana na maneno mazito kama hayo mawili. Hayakusemwa kwa ubaya. Yalinipata nimechoka, mwenye maumivu, tena ninayeogopa hilo hilo. Baadaye ndipo nilijifunza kuwa watoto wachanga wengi hulia na kutaka titi mfululizo nyakati za jioni, na kwamba kilio hakikuambii kama maziwa yanatosha. Kinachokuambia ni nepi. Baada ya siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku nzima, mkojo wake mweupe. Kingine ni mizani: siku za mwanzo mtoto hupungua kidogo, na hilo lisikutishe, halafu kufikia wiki ya pili anarudia uzito aliozaliwa nao. Usiku ule ndani ya nyumba nzima hakuna aliyeuliza habari za nepi. Hata mimi sikujiuliza, na mimi ndiye niliyekuwa nazifua.

Kikopo tulikuwa nacho tayari. Tulipewa bure, ndani ya mfuko wa zawadi tulioondoka nao tulipojifungua. Sitasema wapi. Juu yake palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Sasa najua kuwa tangu 1981 kuna Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, nayo inakataza mambo hayo mawili: kuwagawia kina mama sampuli za bure, na kuweka picha za watoto kwenye makopo. Wakati ule nilichokiona ni kwamba yule wa kwenye kopo anacheka na wangu analia.

Tukampa. Akanywa, akalala kwa muda wa saa nne bila kugeuka, na mimi nikalala. Nilipoamka nilisema, basi ni kweli, alikuwa na njaa. Kesho yake tukampa tena jioni. Kisha jioni na alfajiri. Wiki ya tatu matiti yalikuwa laini, hayajai kama mwanzo, nami nikatangaza kwa sauti ya huzuni kuwa maziwa yangu yamekauka. Hesabu yenyewe ilikuwa imegeuzwa. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Maziwa yakibaki ndani, mwili hupata habari kwamba hayahitajiki na unapunguza. Kila chupa niliyompa ilikuwa inaliagiza titi lipunguze, halafu mimi nikiona yamepungua naongeza chupa. Hata ule ulaini haukuwa dalili ya ukame: baada ya wiki chache matiti ya kila mama hulainika, kwa kuwa mwili umeshajua kiasi. Lakini mpaka hapo nani wa kuniambia?

Maji yalifuata njia ya maziwa ya kopo. Kulikuwa na joto, midomo ya mtoto ikaonekana mikavu, nikampa kijiko. Kijiko kikawa chupa. Nilisahau kuwa maziwa ya mama kiasi cha asilimia 88 ni maji, na kwamba kwa tumbo dogo kama lile, kila maji yanayoingia yanachukua nafasi ya chakula, mbali na vijidudu yanavyoweza kuingiza. "Nilisahau" si neno lake. Nilijua. Ila ukishavuka mstari mara ya kwanza, mara ya pili huuoni tena.

Usiniambie ningekumbuka faida ningepata nguvu. Nilizikumbuka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba dunia ikinyonyesha karibu kama inavyoshauriwa, vifo 823,000 vya watoto na 20,000 vya saratani ya matiti vingeepukwa kila mwaka. Niliyasoma hayo kwenye simu saa nane ya usiku, mtoto analia begani. Takwimu kama hiyo inawafaa mawaziri wanapopanga bajeti. Mimi ilinikaba koo, nikazima simu nikalia naye.

Sasa nikuambie kilichokuwa kibaya kwa kweli, maana ukikijua utacheka. Mtoto alikuwa ameshika chuchu tu. Basi. Nilikuja kukijua kwa mtoto wa pili, tena si kwa kuelezwa. Mkunga mmoja, mtu mzima, alikuja akaketi kando ya kitanda changu, hakufungua daftari, hakuniuliza swali hata moja. Alisema, "Mnyonyeshe nione." Nikamnyonyesha. Akatazama, kisha akaniambia nipitishe kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa mtoto ili aachie bila kunivuta. Tuanze upya. Nimlaze tumbo lake likielekea langu, kichwa na mgongo katika mstari mmoja. Nimguse mdomo wa juu kwa chuchu, nisubiri. "Bado. Bado. Subiri apanue kama anayepiga mwayo." Alipopanua, nikamleta mtoto kwenye titi, yaani nisiiname kumpelekea titi yeye. Kidevu kikazama ndani ya titi, mdomo wa chini ukapinduka nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu ikaingia kinywani. Kisha nikasikia sauti ambayo kwa yule wa kwanza sikuwahi kuisikia: anameza.

Haikuchukua hata dakika kumi. Niliwaza wiki zote zile za kukunja vidole vya miguu, na chupa mbili kwenye mkoba, kumbe nilihitaji mtu wa kunitazama kwa dakika kumi. Nilikuwa nimesoma vipeperushi kuliko idadi ya wanawake niliowahi kuwaona wakinyonyesha kwa karibu. Wengi tunaambiwa tu, tena na watu waliosimama wakiwa na haraka. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hilo: kabla hujaruhusiwa kuondoka, mshike mkunga au nesi mmoja kwa adabu, umwambie, "Naomba unione nikinyonyesha." Si "nieleze". Nione.

Mengine nitayapitia mbio mbio. Siku za mwanzo mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kwa hiyo ukiona hufanyi kazi nyingine, jua hiyo ndiyo kazi. Titi likiwa jekundu, la moto, linauma na una homa, usiache kunyonyesha upande huo, ila wahi kituo cha afya. Ukiandikiwa dawa, waambie unanyonyesha. Nyingi zinakubalika, na mara nyingi mama huacha kunyonyesha kwa hofu ya dawa isiyo na tatizo.

Baba watoto wako najua ni mwema, na wema wake ndio unaonipa wasiwasi. Atakuambia, "Lala mke wangu, usiku nitampa chupa." Mwambie nimemsalimu, halafu mkatalie. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku, na manyonyesho ya usiku ndiyo yanayoshikilia maziwa ya mchana, hasa wiki za mwanzo. Yeye ainuke abadilishe nepi, akuletee mtoto, akuletee na glasi ya maji, kisha ampokee amcheulishe. Hiyo ni kazi tosha. Na yule atakayesema "huyu hashibi", awe mama yako, mkwe au shangazi, usibishane naye. Mpe kazi ya kuhesabu nepi. Mimi nilifanya hivyo kwa huyu wa pili, na mtu yule yule wa siku ya tisa akawa ndiye anayewatangazia wageni, "Leo saba!"

Kuhusu kurudi kazini, hapo sina maneno matamu. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na mapumziko ya kila siku ya kunyonyesha. Miezi 6 ni wiki 26. Toa mwenyewe uone zinabaki ngapi, kisha uniambie kwa nini ulimwenguni kote watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee miezi yote sita hawafiki nusu. Muulize mwajiri wako mapema, sasa ukiwa bado na tumbo, utakamulia wapi. Mimi nilikamulia kwenye stoo isiyo na ufunguo, mgongo nimeegemeza mlango. Maziwa uliyokamua hukaa kwa muda usiozidi saa 4 nje ya friji kama hakuna joto kali, na mpaka siku 4 ndani ya friji. Jifunze kukamua kwa mkono kwanza, kwa sababu mkono huusahau nyumbani mara chache.

Na ikitokea ukashindwa, au kukawa na sababu ya kiafya mtoto akahitaji maziwa mengine, usifiche mkoba. Wapo wanaoyahitaji kweli, na wapo ambao chupa imeshaingia lakini bado inaweza kupunguzwa pole pole mpaka ikatoka. Nesi wangu angeweza kunisaidia wiki ile ya sita. Mtoto alikuwa bado ananyonya na maziwa yangeweza kurudi. Nilimpa majibu mazuri, naye akanipa pongezi, tukaagana.

Huyu ameanza kujinyoosha, kwa hiyo nafunga. Umesema nije siku ya kujifungua. Siji. Siku hiyo utakuwa na watu wengi wa kumbeba na kumsifu pua. Nitakuja siku ya nane na nitalala kwako mpaka ya kumi na moja. Nitandikie popote, hata sakafuni, ila pawe karibu na kitanda chako. Usinipikie, usinisafishie nyumba. Na ukinisikia nasema mtoto hashibi, nifukuze.

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Wako,
Rehema