Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaushaji wa Zabibu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitajikita kwenye zabibu kavu, maana ndizo zilizozua maneno mengi mwaka huu.

Kwanza, mavuno ya Februari na Machi tusiyaanike tena. Dodoma bado kuna mvua miezi hiyo, na zabibu huota ukungu hata kabla ya kunyauka. Mavuno ya kukausha ni ya Agosti na Septemba: jua lipo, upepo ni mkavu. Anayeyalenga apogoe kati ya mwisho wa Machi na Aprili, na awe na maji ya kumwagilia, kwa sababu zao hilo hukua kiangazi.

Pili, zabibu zilizokataliwa na wanunuzi wa mchuzi, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, si mali ya chanja ya kukaushia. Zinakataliwa kwa sababu sukari haijafika, na sukari ndiyo kilo zako. Kilo 100 zenye sukari ya asilimia 22 hutoa takribani kilo 25 kavu. Zenye 17 hutoa kama 20, tena chachu, ngumu, zimebaki ganda na mbegu. Kata maji wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, pima sukari ya vichala vya juani na vya kivulini, usivune chini ya 20.

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Ng'oa punje zilizopasuka au zenye ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga; moja iliyooza huchafua kichala kizima. Ganda la zabibu lina nta inayozuia maji kutoka, hivyo chovya vichala sekunde chache tu kwenye maji yanayokaribia kuchemka, mpaka vionekane vijiufa vyembamba. Ukizidisha, zinaiva, ganda linachubuka na utomvu unaita nyuki.

Anika tabaka moja juu ya chanja ya wavu, usawa wa kiuno. Turubai chini ni kukaribisha mchwa na vumbi, na upepo wetu wa Agosti hauna huruma. Geuza kila siku, funika jioni. Kwa kawaida wiki mbili hadi tatu zinatosha. Kamata konzi, minya, achia: zikitawanyika bila kulowesha kiganja, tayari. Zikishikamana, zirudi juani. Kisha zikae siku kadhaa ndani ya chombo kilichofunikwa ili unyevu ulingane, ndipo mpukuchue vikonyo na kufungasha.

Walioomba miche ya Thompson, aina ya zabibu isiyo na mbegu, wajue kwamba macho yake (sehemu za tawi zinazochipua) ya karibu na shina hayazai vizuri. Ukiipogoa fupi kama aina ya Makutupora nyekundu utavuna majani. Acha fimbo, yaani tawi, ndefu yenye macho 10 hadi 15.

Vipima sukari vinatunzwa na katibu. Anayeazima arudishe siku hiyohiyo, kioo kikiwa kimefutwa.

Mwenyekiti