Adabu ya studio isiwe kichaka cha wanasiasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watangazaji wetu wa redio hapa Mombasa, hasa wa vipindi vya asubuhi. Wanasiasa siwaambii kitu, mchezo wao wanaujua.

Chukulia suala la maji. Mji huu unakunywa maji ya mbali: Mzima, Marere, Tiwi na visima vya Baricho kule Kilifi, na bwawa la Mwache ndilo tunalotiwa matumaini nalo. Huku mitaani watu wananunua mitungi kwenye mikokoteni. Sasa mtangazaji anauliza: mheshimiwa, maji Kisauni yatatoka lini? Mgeni anaanza na salamu. Anawasalimu wasikilizaji wote popote walipo, anawapa pole waliofiwa, anaishukuru stesheni. Kisha: "Hilo ni swali zuri sana dada yangu, na nakupongeza kwa kuliuliza." Hapo muda ushaliwa. Baadaye tunasikia kwamba kulikuwa na changamoto, mipango imewekwa, wahusika wamehimizwa. Aliyeiweka mipango hatajwi, na aliyezembea pia hatajwi. Naye dada, kwa kuwa kapongezwa mbele za watu, anaona haya kulirudia swali. "Ahsante mheshimiwa, twende mapumziko mafupi."

Wapwani tumelelewa hivyo: mkubwa hakatizwi maneno na mgeni haaibishwi. Mwanasiasa anaijua hulka yetu na ndiyo anayojikingia. Lakini mtu huyo huyo msikilizeni Jumapili pale Tononoka, maikrofoni mkononi na vijana wakimshangilia. Matusi ya nguoni, hata mama za watu hawasazwi. Jumatatu studioni stara imemrudia yote!

Linaloniudhi zaidi ni lile la "sitaki kumtaja mtu jina". Ukilisikia utadhani ni uungwana. Halafu anaendelea: kuna bwana mmoja, kazi yake mnaijua, gari lake mnalijua, pesa za umma alizipeleka wapi tumuulize yeye. Mji mzima ushafahamu ni nani. Anayesemwa akinyamaza, amekubali. Akijibu, ataambiwa nani kakutaja wewe? Na msemaji hadaiwi ushahidi, maana hakumshutumu mtu. Mtangazaji naye anacheka, "Mheshimiwa na mafumbo yake!" Mafumbo yana raha yake kwenye ngoma na harusi. Tuhuma ya wizi yataka jina, tarehe na karatasi, na mtangazaji ana haki ya kumwambia mgeni ataje au aliache.

Wapo wanaotaka watangazaji wetu wawe wakali kama Waingereza. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, swali lile lile zaidi ya mara 10 mfululizo. (Paxman mwenyewe alikuja kusema alikuwa akivuta muda tu, habari iliyofuata haikuwa tayari.) Mimi ukali huo siuombi. Kwetu, mtangazaji akimfokea mgeni aliyemzidi umri, wasikilizaji watamhurumia mgeni na swali litasahauliwa.

Wazee wetu wanaosuluhisha ndoa wana njia yao. Mume ataeleza mpaka achoke, hakuna anayemkatiza. Akimaliza, mzee humwambia kwa upole, "Ahsante mwanangu, tumekusikia. Ila hukutwambia: pesa za matumizi ulimpa mkeo au hukumpa?" Kisha kimya. Akizunguka tena, swali linarudi vile vile, kwa sauti ile ile. Sijaona aliyelalamika kuwa kavunjiwa heshima.

Na likija lile jibu wanalolipenda, "hilo tunalifuatilia", Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria iliyotungwa 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi la habari ndani ya siku 21. Basi mtangazaji amuulize mgeni hapo hapo hewani, kwa heshima zote: mheshimiwa, msikilizaji wa Kisauni akiandika leo kuuliza ratiba ya maji, barua aipeleke kwa nani ofisini kwako?

Msikilizaji wenu,
Majengo, Mombasa