Barua kwa Doto: Njooni Mbalamwezi

Mpendwa Doto,

Salamu nyingi kutoka mwisho wa reli, huku Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi sijambo, darasa langu halijambo, na Kiha changu kinakua kidogo kidogo, ingawa watoto wa darasa la tatu bado wananicheka nikikizungumza kwa lafudhi ya Urambo.

Umeniuliza uje tarehe ngapi na watoto likizo ya Desemba. Tarehe siwezi kukupa, mwenzangu. Kijiji hiki kinaishi kwa mwezi wa angani. Mkija kwenye giza mtawakuta watu wanasinzia mchana kutwa, wanaume hawaonekani, na mama mwenye nyumba wangu hana hata nafasi ya kuwakaribisha chai. Mkija mbalamwezi mtaona kijiji kizima kiko nje.

Sababu ni dagaa. Mchana huwa chini kwenye kina, usiku hupanda juu. Usiku usio na mwezi, taa ikiwashwa juu ya maji wanaifuata na kuizunguka. Mwezi ukishatimia, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena cha kuwavutia. Kwa hiyo mwezi mchanga ukizama mapema, watu wanaingia kazini baada ya hapo. Ukishapita kutimia, wanawahi kabla haujachomoza. Katikati hapo, usiku kadhaa, vyombo vinalala ufukweni.

Chombo chenyewe wanakiita kipe: mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinaning'inia juu yake, halafu kazi ni kungoja. Dagaa wakishajaa kwenye mwanga, wavu unavutwa na wote kwa pamoja. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Mama mwenye nyumba anasema karabai zilikuwa na heri yake kwa sababu zikivuma ulijua mumeo yuko macho. Usiku wa giza nikipanda kilimani nyuma ya shule, nadhani kuna mji mwingine umejengwa majini.

Alfajiri ndipo zamu ya wanawake inapoanza. Vipe vikigusa mchanga wao wako pale na ndoo na mabeseni, wananunua, wanapatana, wanagombana, wanacheka. Kisha wanaanika. Dagaa wa kwenye chanja wanatoka safi na bei yao ni nzuri. Wa mchangani wanakuja na mchanga wao, na mnunuzi wa mjini anautambua kwa jino la kwanza. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Mvua ikinyesha, Doto, ni kilio kabisa, na Desemba mvua zinakuwa zimeshika. Utaona mtu anakimbia na turubai kama anayeokoa mtoto.

Kila kitu kinafuata mzunguko huo. Dukani deni linaandikwa "giza likiingia", na mwenye duka haulizi zaidi. Wavuvi hulipwa baada ya kutoa gharama za mafuta, mwenye kipe achukue fungu lake na wao wagawane lao, kila mmoja akirudi nyumbani na kitoweo. Darasani kwangu nayaona hayo hayo: wiki za giza wavulana wanalala juu ya madaftari kwa sababu alfajiri walikuwa wanabeba ndoo. Kuwachapa naona ni upuuzi. Mtihani wa majaribio ninautunga kwa kuangalia angani kwanza, na mwalimu mkuu ameshazoea.

Hata ibada imeingia humo. Wengi huku ni Waislamu, na Idi ya Mfungo Mosi inaangukia mwezi mwandamo, yaani giza tupu, wakati dagaa ndio wanapatikana. Watu wanaswali, wanakula pilau, na jioni wapo wanaokagua taa zao. Lakini Maulidi ni tarehe 12 ya Mfungo Sita, mwezi unakaribia kutimia, vipe vimepumzika. Hiyo ndiyo sherehe inayofana. Na harusi pia: sijaona mtu mwenye akili akimwoza binti yake kwenye giza, maana nani atakuja kucheza?

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wenyeji wanaikumbuka kama mbalamwezi ya miezi mitatu, na wanaisema bila kucheka. Mimi naona kufunga kuna maana, kwani hata kwetu hakuna anayerina mzinga mwaka mzima. Lakini mwenye kipe alikuwa na akiba. Mwanamke wa kuanika hakuwa na kipe wala shamba, na mabeseni yake yalikaa tupu.

Sasa hiyo mbalamwezi ninayowaitia. Mchana wanaume wanashona nyavu chini ya miembe na kupiga kalafati mitumbwi inayovuja. Wenye michikichi wanakamua mawese, na hilo watoto wako lazima walione. Mikungu hukatwa, hufunikwa siku kadhaa mpaka chikichi zilegee na kupukutika, huchemshwa kwenye pipa, kisha huingizwa kwenye kinu na vijana wawili wanazunguka wakisukuma mti. Yanayotoka huchemshwa na maji, mafuta yanaelea, yanaenguliwa mekundu kama udongo wa kwetu Urambo. Mbegu haitupwi. Inavunjwa, ndani kuna mise, na mise ina mafuta yake ya kutengenezea sabuni. Ukila sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese mapya, pamoja na samaki wa mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, utanisamehe kwa kuhamia huku.

Usiku ni ngoma, vitendawili, na wazee wakisimulia Kabogo, ile rasi ya kusini, jinsi wapiga makasia wa kale walivyotupa shanga majini ili wapite salama. Wavuvi vijana wanacheka hadithi hiyo. Sijamwona hata mmoja anayeicheka akiwa ziwani upepo umechafuka.

Wafundishe watoto kusalimia. Huku salamu hairushwi huku unatembea. Unasimama, unashika mkono, unauliza ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, na unangoja jibu. Watoto wa kuigiza haraka za mjini wanaonekana hawakulelewa.

Basi, jioni utakapoona mwezi umeanza kujaa, anza kufunga mizigo. Ukiwa mduara kamili na unachomoza jua likizama, muwe mmeshafika. Shukeni kituo cha Kigoma, mwende Kibirizi mpande boti za kaskazini. Ziko za asubuhi. Za mchana sizipendi kwa watoto, mawimbi huwa yameamka. Niletee michembe ya viazi, na asali ya nyuki wadogo chupa mbili. Moja ni ya mama mwenye nyumba, nimeshamwahidi, na kila akiniona ananiuliza treni inakuja lini.

Wako,
Kulwa