Tusifu kipaji, lakini tuulize pia nani alilipia shaba

Mhariri,

Msanii wetu Wangechi Mutu akifungua maonyesho ng'ambo, kama alivyofanya katika jumba la sanaa la Galleria Borghese mjini Roma mwaka 2025, magazeti yetu hutoa habari ileile: binti wa Nairobi aitikisa dunia. Picha yake, picha ya sanamu moja, sifa tele, basi. Mimi ni fundi wa vyuma, na habari hizo huniacha na maswali ambayo sioni yakiulizwa. Ile sanamu ilisubiwa wapi, yaani shaba yake iliyeyushwa na kumiminwa wapi? Nani aligharamia shaba? Imepitia mikono ya mafundi wangapi?

Nadhani maswali haya yanaieleza safari yake kuliko neno kipaji tunalolirudia kila mara.

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Loreto Msongari, akamalizia shule Wales, kisha akaenda New York katika chuo cha Cooper Union alikohitimu 1996. Mwaka 2000 alipata shahada ya uzamili Yale, na shahada hiyo ilikuwa ya uchongaji. Hata hivyo, kwa miaka mingi dunia ilimjua zaidi kwa picha za kubandika, zile za vipande vya majarida, wino na rangi. Mimi sishangai. Mkasi, karatasi na gundi vinaenea kwenye meza ya chumba kimoja. Sanamu kubwa inadai karakana, winchi, lori, na mtu wa kutoa pesa kabla kazi haijaanza.

Mwaka 2019 mtu huyo alikuwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ukuta wake wa mbele, uliobuniwa na Richard Morris Hunt na kukamilika 1902, una vishubaka vinne vilivyokusudiwa kuwekwa sanamu. Vilikaa vitupu miaka 117. Mutu akaagizwa avijaze, akaleta wanawake wanne wa shaba nyeusi (bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati), wameketi, kila mmoja akikaribia futi 7 na kuzidi kilo 380. Katika majengo ya kale ya Ulaya, na hata katika vigoda vya machifu wa Kiafrika, mwanamke wa sanamu mara nyingi kazi yake ni kubeba: paa, au mzee aliyekalia kigoda. Wanne hawa hawabebi kitu. Wamevikwa mizunguko kama ya koili kutoka shingoni hadi chini, na visahani ving'aavyo usoni au kichwani vinakumbusha mapambo ya midomo ya wanawake wa baadhi ya jamii zetu.

Sasa fikiria kazi iliyo nyuma yake. Kwa njia ya nta, unafinyanga umbo, unalitengenezea kalibu, unapata nakala ya nta, unaifunika kwa tabaka zinazostahimili moto, unaiyeyusha nta itoke, ndipo unamimina shaba iliyopita nyuzi 1,000. Sanamu kubwa humiminwa vipande vipande. Huchomelewa, husagwa mpaka maungio yapotee, kisha hupakwa kemikali chini ya moto ipate rangi. Hakuna mtu mmoja anayefanya yote hayo peke yake, awe na kipaji cha namna gani.

Hapa Kariobangi tuna watu wanaoyeyusha vyuma chakavu, kama alumini, na kumimina kwenye kalibu za mchanga kila wiki. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo shaba nyeusi itataka tanuru kali zaidi na kalibu safi zaidi. Hayo hujifunzwa. Tunachokosa ni agizo.

Na maagizo yakija, watu wapo. Sanamu ya Mzee Kenyatta pale KICC ni ya Mwingereza James Butler, 1973. Lakini ya Dedan Kimathi, 2007, ni ya Kevin Oduor, na ya Tom Mboya, 2011, ni ya Oshoto Ondula, wote Wakenya. (Wote watatu waliochongwa ni wanaume, nalo tulizungumze siku moja.) Kwa upande mwingine, tusisahau aibu ya maonyesho ya kimataifa ya sanaa mjini Venice, Italia, mwaka 2015, pale banda lililobeba jina la Kenya lilipotangazwa likiwa na wasanii wengi wa Kichina, hadi serikali ikalikana kwa kelele za wasanii wetu. Mwaka huohuo, Mutu alikuwa Venice ileile katika maonyesho makuu yaliyoandaliwa na Okwui Enwezor. Tulikuwa na mtu mlangoni, tukatuma wageni.

Mutu mwenyewe amerudi kufanyia kazi Nairobi, pamoja na New York. Sanamu zake kadhaa zina udongo mwekundu wa huku, mbao, mawe na vibuyu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sanaa ya kiwango hicho lazima itoke nje.

Ninachoomba ni kidogo. Serikali ya kaunti au ya taifa ikitaka sanamu, itangaze shindano la wazi, iseme bajeti, na iweke sharti kwamba kusubu kufanyike nchini, na vijana wa karakana wapewe nafasi ya kujifunza. Isiwe lazima kila mara mwanasiasa aliyefariki.

Nawe, Mhariri, mtume mwandishi wako wa sanaa Kariobangi siku ya kumimina. Aje mapema, na asivae ndala.

Fundi wa vyuma,
Kariobangi, Nairobi