Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mashine zetu za kusaga na hoja ya nyuklia

Ndugu wanachama, baba na mama,

Hesabu za kasha ameshazisoma mweka hazina, sizirudii. Wadaiwa wanajijua.

Nakaa kwenye umeme, maana ndio uliotutesa mwaka mzima. Hapa Lubumbashi ukirudi usiku wa manane, mama anaamka na beseni lake la mahindi kwenda kupanga foleni kwenye mashine. Fazi moja, yaani mojawapo ya nyaya tatu za umeme wa mota, ikikosekana, mota inanguruma bila kuzunguka, na usipowahi kuizima, unasikia harufu ya waya kuungua. Anayetumia mazutu (dizeli) naye anasaga bila faida.

Ndiyo maana vijana walitaka chama kiunge mkono nyuklia. Hoja yao: uranio iko Shinkolobwe, karibu na Likasi, na Wamarekani waliitumia kwenye bomu la 1945, tena Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika mwaka 1959. Yote ni kweli, na najua inavyowasha kifua cha Mkatanga. Ila kinu kile kilikuwa cha utafiti, hakikuwasha taa ya mtu, na kilichokifuata kilizimwa 2004. Uranio nayo haiingii kinuni kama ilivyotoka mgodini: inasafishwa, inarutubishwa, inafanywa vidonge, na viwanda vya kazi hizo hatuna. Afrika Kusini wana kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg tangu 1984, na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, wameionja vilevile.

Kamati iligawanyika. Mimi nyuklia siikatai, kwa wajukuu. Lakini kinu kimoja kama vinavyojengwa El Dabaa, Misri, ni megawati 1,200, wakati Inga 1 na Inga 2, mabwawa yetu ya umeme kwenye mto Kongo, zikifanya kazi kikamilifu ni kama 1,775. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, kwani ukizimika ghafla unaangusha yote. Sisi laini yetu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi. Mtaa unapata masalio.

Waliokubaliana nami walikuwa wengi. Barua kwa mbunge itadai kwanza kabini mpya ya transfoma ya mtaa na waya mnene, kisha vijana wasomeshwe uhandisi wa nyuklia. Rasimu iko kwa katibu. Anayeipinga aandike kabla ya mkutano, asibishane kwenye mashine mbele ya wateja.