Tarehe ya ahadi ihesabiwe kwenye foleni ya mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu lawama ambayo sisi tunaoendesha mashine tumeibeba kwa muda mrefu, yaani lawama ya kazi kuchelewa. Kazi ikichelewa, mteja humgeukia msimamizi, msimamizi humgeukia fundi, na fundi huisingizia mashine. Anayesahaulika ni yule aliyeandika tarehe ya kukabidhi bila kuuliza ni kazi ngapi zilikuwa zimekwisha kupokewa.

Tuchukue mashine moja isiyoweza kushughulikia zaidi ya kazi moja kwa wakati, mbele yake zikiwa zimepangwa kazi nne. Ya kwanza inahitaji saa 8 na imeahidiwa kuwa tayari ndani ya saa 9 tangu mashine kuwashwa. Ya pili inahitaji saa 3 na imeahidiwa ndani ya saa 10. Ya tatu saa 4, ndani ya saa 13. Ya nne saa 1 tu, ndani ya saa 15. Jumla ni saa 16 za kazi, na hakuna mpangilio utakaozipunguza. Tukifuata tarehe iliyo karibu zaidi, kazi ya kwanza itawahi, lakini nyingine zote zitachelewa, kwa saa 1, saa 2 na saa 1. Tukianza na fupi na kumalizia na ndefu, tatu zitawahi na moja tu ndiyo itakayochelewa, ila itachelewa kwa saa 7 nzima.

Wataalamu walikwisha kulichambua jambo hili zamani. Mwaka 1955 J. R. Jackson alionyesha kwamba kufuata tarehe ya karibu ndiyo njia ya kuhakikisha kuwa kazi inayochelewa kuliko zote haichelewi sana. Mwaka uliofuata W. E. Smith alionyesha kwamba kuanza na kazi fupi hupunguza wastani wa muda ambao kazi husubiri hadi kukamilika. Katika mfano wetu wastani huo hushuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa 7 na robo. Mwaka 1968 J. M. Moore alitoa njia ya kupunguza idadi ya kazi zinazochelewa: zipangwe kwa tarehe, na kila inapojitokeza itakayochelewa, ile ndefu kuliko zote miongoni mwa zilizopangwa hadi hapo, pamoja na hiyo yenyewe, ipelekwe mwisho wa foleni. Ukiijaribu kwa kazi zetu nne, itakayosukumwa mwisho ni ile ya saa 8.

Kwa hiyo fundi anayeambiwa tu kwamba apange vizuri hajaambiwa kitu. Apange vizuri kwa ajili ya nani? Kwa mteja mmoja atakayeumia sana, au kwa watatu watakaoumia kidogo? Huo ni uamuzi wa mwenye kazi, na si haki kumwachia mtu aliyesimama mbele ya mashine kisha kumkaripia kwa lolote atakalochagua.

Hata hivyo, uzito wa barua yangu hauko kwenye mpangilio bali kwenye tarehe zenyewe. Wengi wetu hupokea kazi kwa kanuni moja, kwamba kila kitu kitakuwa tayari baada ya siku fulani, iwe kazi ndefu au fupi, foleni iwepo au isiwepo. Kanuni hiyo ni rahisi kuikumbuka, na nadhani ndiyo sababu imedumu. Wengine huizidisha saa ya kazi yenyewe mara kadhaa, jambo ambalo ni afadhali, lakini nalo halijui kilicho mbele ya mashine. Njia ninayoitetea ni kujumlisha saa zote zilizokwisha kuahidiwa, kuongeza saa za kazi mpya na za kubadilisha vifaa kati ya kazi moja na nyingine, kisha kuacha nafasi ya hitilafu. Kama kazi zetu nne zingepewa tarehe kwa hesabu hiyo, hata yule wa mwisho asingeahidiwa chini ya saa 16.

Nafasi hiyo ya ziada haipaswi kuonwa kuwa ni uvivu. Katika kielelezo rahisi kabisa cha foleni, ambamo kazi huingia wakati wowote na urefu wake hautabiriki, mashine iliyoshughulishwa kwa asilimia 80 ya muda wake hukaa na kila kazi, pamoja na kusubiri, kwa wastani mara 5 ya muda wa wastani wa kuifanya. Ikifika asilimia 90, huwa mara 10. Msimamizi anayejivunia kwamba mashine yake haipumziki ndiye anayepaswa kuahidi tarehe za mbali zaidi, na kwa kawaida ndiye anayeahidi za karibu.

Wahenga walisema ahadi ni deni, nami sina ubishi nao. Naomba tu kwamba daftari la foleni liwekwe pale pale kazi zinapopokelewa, na kwamba kazi ya dharura inapoingizwa katikati, wateja wote waliosogezwa nyuma wapewe tarehe mpya siku hiyo hiyo, na anayewapa awe yule aliyeiingiza kazi hiyo.

Wako,
Fundi wa mashine